Daftari la kuacha unga na pombe: unaandika nini, saa ngapi, na nani alisome

Mchapakazi_TMK (mleta uzi)

Wakuu, salama.

Humu haupiti mwezi bila uzi wa mtu anayeomba msaada wa kuacha unga, gongo au kubeti, na hakosekani wa kumjibu "anza kuandika daftari". Huyo anachekwa mpaka mada inaishia hapo. Wanaocheka nawaelewa, maana ushauri ukitolewa mkavu hivyo haumsaidii mtu. Mwenye arosto (maumivu ya kukosa unga) ukimpa kalamu ataenda kuiuza. Ila mimi nimepita huko, nikaanza na kokteli (bangi iliyochanganywa na unga), nikaja kuvuta, nikamalizia kwenye sindano. Nimekaa soba (nyumba ya wanaoacha), nimepanga foleni ya methadone (dawa ya kunywa unayopewa kliniki badala ya unga), na sasa ni mwelimisha rika. Daftari ni kati ya vitu vichache ninavyoweza kuvitetea mbele ya mtu yeyote. Shida ni kwamba wengi wanaandika kisichotakiwa.

Mtu akipewa daftari anaanza na historia ya maisha. "Nilizaliwa Tandika, mzee akatukimbia nikiwa darasa la tatu..." Siku ya nne limeshatupwa chini ya godoro. Sisemi hayo hayana mahali pake, yanapo, lakini si miezi ya mwanzo. Miezi ya mwanzo andika hamu. Kila ikikujia, mstari mmoja: saa ngapi, uko wapi, uko na nani, umekula au hujala, mfukoni una kiasi gani, hamu ni ngapi kati ya 0 na 10, umefanya nini, imeshuka saa ngapi.

Mfano wa ukurasa wangu, nimebadilisha vitu vidogo:

*Saa 11:10 jioni. Kituo cha daladala. Peke yangu. Sijala tangu chai. Nina elfu thelathini, nimelipwa leo. Hamu 8. Nimempigia dada, nimepanda gari la kwanza lililosimama ingawa si la kwetu. Saa 11:40 hamu 3.*

Basi, hakuna machozi wala falsafa. Jaza hivyo wiki tatu nne, halafu Jumapili moja kaa usome yote kwa mpigo. Mimi nilikuwa najua natamani unga nikiwa na huzuni, na hata mshauri nilimwambia hivyo. Karatasi ikasema vingine: hamu kubwa zote zilikuwa za jioni, siku ya malipo, tumbo tupu, na mara nyingi baada ya simu ya mshikaji mmoja ambaye hata hakuutaja unga. Alikuwa anasema "mambo, uko wapi" tu. Huzuni ilikuwa ya asubuhi, na asubuhi hamu ilikuwa 2. Ningebaki na kichwa changu tu ningeendelea kupigana na huzuni huku napita njia ileile na hela mkononi.

Saa ya mwisho, ile ya hamu kushuka, ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ukiwa katikati ya hamu kichwa kinakwambia itazidi kupanda hadi uipe inachotaka. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini watu wanarudia, aliifananisha na wimbi: linapanda, linafika kileleni, linavunjika lenyewe, kazi yako ni kukaa juu yake bila kuzama. Kwa wengi haizidi nusu saa hivi usipoilisha. Hilo ukiambiwa na daktari unaitikia tu "sawa". Ukilikuta kwa mwandiko wako mwenyewe, mara kumi, kumi na tano, 8 ikawa 3 na hukufa, unaanza kuamini.

Jioni kabla ya kulala ongeza maswali manne ya wale wa vikundi vya hatua 12 (waraibu wanaokutana kusaidiana kuacha): Nina njaa? Nina hasira? Niko mpweke? Nimechoka? Jibu kwa ndiyo au hapana. Ukikuta ndiyo tatu, usitoke.

Na kuna jambo moja msiandike kabisa. Waliokaa soba wanajua jioni watu wanavyokaa ukutani kupeana stori za vita: nani alipiga kete ngapi, mzigo wa mwaka gani ulikuwa mkali, nani alidondoka akaamka. Mnaanza mnacheka, baada ya robo saa wote midomo imekauka. Daftari nalo linaweza kuwa ukuta huo. Ukishaandika "nilitumia", weka nukta. Usieleze ulivyoandaa, ulivyosikia, ladha wala rangi. Ukijikuta unaandika kurasa mbili za stimu, funga, nenda kaoge.

Ulizeni, nitaongeza.

Jiwe_Gumu

Chai hii. Teja anabeba mpaka sufuria ya mama yake likiwa na maharage ndani, leo umwambie akae aandike "hamu 8, hamu 3". Dawa ya hawa watu ni moja: unampeleka kijijini kwa mjomba, analima, unga hauoni, mwaka unaisha anarudi mtu. Mdogo wangu tumemfanyia hivyo na amenenepa.

Mchapakazi_TMK

Mkuu Jiwe_Gumu, hongereni kwa mdogo wenu na sikubishii kuhusu kunenepa. Ila nikuombe kitu, kisome hata kama uzi mzima utauona chai. Mwili wa aliyekaa muda bila unga unasahau kuuzoea. Kiasi alichokuwa anatumia zamani bila shida, akirudi mjini na kukipiga mara moja tu, kinaweza kumsimamisha pumzi. Wengi tuliowazika hawakuwa katikati ya matumizi, ni waliotoka jela, waliotoka soba, waliotoka kijijini. Walipiga kipimo cha zamani kwa mwili mpya. Mdogo wako alijue hilo kabla hajapanda basi.

Na kijijini alikuwa haoni kituo cha daladala, haoni mshikaji, haoni siku ya malipo. Hajapambana navyo, vilikuwa mbali tu, na vyote vinamsubiri palepale.

nesi_wa_zamu

Naongezea kama muuguzi wa afya ya akili, maana naona mleta uzi hapa kapita haraka.

Wiki ya kwanza msimsumbue mtu na daftari. Arosto ya heroini inaanza saa 8 hadi 12 hivi tangu alipotumia mara ya mwisho, inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na maumivu ya mwili yanapungua taratibu hadi wiki hivi. Anatapika, anaharisha, miguu haitulii, halali. Huyo anahitaji maji, dawa na mtu wa kukaa naye. Kinachobaki baada ya hapo ni usingizi mbovu na hamu, na hivyo vinaenda wiki na miezi. Hapo ndipo kalamu inapoingia.

Pombe ni tofauti na inatisha zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyekunywa gongo au pombe kali kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, joto kupanda, moyo kwenda mbio. Hali hiyo isipotibiwa inaua. Familia zinamfungia chumbani zikisema "ana mashetani". Mpelekeni hospitali, akitulia ndiyo mumpe daftari lake.

Kwa walio kwenye methadone, daftari lina kazi ambayo hata sisi tunaihitaji. Dozi ni moja kwa siku, inatakiwa ikufikishe kesho yake. Andika saa unayoanza kupiga miayo, kutoka jasho, kusikia baridi. Ukija dirishani ukasema "dozi hainitoshi" kila mtu anasema hivyo. Ukija na karatasi inayoonesha kila siku saa 9 usiku unaamka na jasho, daktari ana kitu cha kufanyia kazi. Na hili la TB: rifampicin iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu inalifanya ini livunje methadone haraka. Mtu alikuwa ametulia, anaanzishiwa dawa za TB, baada ya siku chache arosto imerudi, anadhani methadone "imechakachuliwa", anarudi kijiweni. Usiache dawa za TB! Waambie kliniki, dozi itarekebishwa.

Mswahili wa Kisauni

Hamjambo jamaa zangu. Mimi niko Mombasa. Kwetu Kenya methadone ilianza Mathari, Nairobi, mwisho wa 2014, halafu ikaja Malindi, na mimi ni wa wale wanaokunywa. Naunga mkono lakini nina mawili.

La kwanza, shule mimi niliacha mapema. Kuandika naandika, lakini mstari mmoja unanichukua muda hadi hamu yenyewe inaondoka (labda hiyo nayo ni faida). Kwa hivyo nilianza kujirekodi sauti kwa simu. Ilikuwa tamu sana, naongea kama niko na rafiki. Kisha nikaiuza simu. Mkitaka kujua kwa nini niliiuza mnajua. Daftari la mistari halina mnunuzi, ndiyo sababu nimelirudia.

Siku hizi naweka alama tu. Duara ni njaa, msalaba ni ugomvi, nyota ni pesa, kisha namba ya hamu. Mshauri wangu anaelewa zote.

La pili, usiandike jina la mtu anayeuza, wala mahali anapouzia, wala jina la uliyekuwa naye. Askari akikupekua akalikuta hilo, si daftari tena, ni ushahidi, na wenye mali wakisikia kuna daftari lina majina yao utahama mji. Andika "yule wa simu", "yule wa pale chini". Wewe utaelewa.

Mchapakazi_TMK

Mswahili wa Kisauni, hilo la majina lilitakiwa liwe kwenye bandiko la kwanza. Wote lizingatieni. Na alama zinatosha kabisa, kinachotafutwa ni mpangilio, hakuna anayesahihisha insha hapa.

Mkeka_Umechanika

Vipi kuhusu kubeti? Mimi sijawahi kugusa unga wala pombe, mtu wa msikitini, lakini mkeka umenimaliza. Nimekopa kausha damu (mikopo ya riba kali) mara mbili. Siwezi kusema "hamu 8" kwa sababu simu iko mkononi saa zote, kijiwe changu ni mfuko wa suruali.

Mchapakazi_TMK

Mkuu, wewe daftari tayari unalo ila hujalisoma. Fungua meseji za miamala ya simu za miezi miwili iliyopita. Kila uliyotuma kwa kampuni ya kubeti ina tarehe, saa na kiasi, na hizo hazidanganyi wala hazioni haya. Zinakili kwenye kaunta buku, halafu pembeni ya kila moja andika kwa maneno matano sita kilichotokea kabla. "Nimegombana na bosi." "Nimeona mshikaji kaposti ushindi." "Nimelipwa." "Nimepoteza, nataka kurudisha."

Nina kijana mmoja nilikaa naye akafanya hivyo, hiyo ya "nataka kurudisha" ilijaza karibu ukurasa mzima. Na nyingi zilikuwa baada ya saa 5 usiku, mke amelala. Tukaanza na simu kulala sebuleni. Ndogo kuliko mnavyodhani, lakini asingeiona bila kuona hizo saa.

Mkeka_Umechanika

Nimefungua meseji hapa. Naomba nisiseme jumla.

Mama Wawili

Samahani naingilia, mimi si mlevi, ni mke wa mlevi. Mume wangu ana miezi kadhaa hajanywa, namshukuru Mungu. Juzi nafagia chini ya kabati nikakuta daftari ndani ya boksi la viatu. Nikalisoma lote. Ni kama hilo la mleta uzi, saa, mahali, namba. Kilichoniumiza, hamu kubwa karibu zote mahali ni "nyumbani" na aliyekuwepo ni "mama watoto". Kuna moja imeandikwa "ananisema, hamu 9". Mimi ndiye niliyeuza vitenge vyangu kumtibu. Nimwambie nimesoma au nikae kimya? Naona kama moyo utapasuka.

Jiwe_Gumu

Dada, mume na mke hakuna siri. Mwambie umesoma na akueleze "ananisema" maana yake nini.

Binti Chuini

Pole sana dada yangu. Mie niko Unguja, nimekaa soba, na nakuomba usifuate huo ushauri wa juu kabla hujanisikiliza.

Ule mstari si lawama. Anaandika hamu ilimkuta wapi, haandiki nani kaileta. Mtu anayeshinda nyumbani siku nzima hamu zake zote zitakuwa za nyumbani, utazikuta wapi kwengine? Mlevi aliyeacha hana tena baa ya kukimbilia ikitokea kauli kali, kwa hiyo inampiga akiwa amesimama palepale. Na alichofanya ni kuiandika 9 yake badala ya kwenda kuinywa. Wallahi huo ni ushindi, ingawa kwako umekuja na sura mbaya.

Lakini daftari lake si lako. Soba tulikuwa na kanuni moja juu ya hilo: madaftari hayasomwi na mtu bila mwenyewe kuyafungua, hata mshauri. Mtu akijua anasomwa anaanza kuandika ya kusomwa. Anakuwa mwema kwenye karatasi, na hamu inarudi kukaa kichwani peke yake.

nesi_wa_zamu

Naungana na Binti Chuini. Ila kunyamaza nako kutamla Mama Wawili. Dada, usiongee siku ambayo mmegombana. Mwambie umelikuta ukifagia, umesoma, na hutasoma tena. Usimtajie mstari wowote. Akitaka atakuonesha mwenyewe. Na wewe mwenyewe una yako ya kusema, umebeba mengi, tafuta kikundi cha ndugu wa waraibu au mshauri wako peke yako. Kliniki nyingi zinaongea na familia ukiomba.

Mchapakazi_TMK

Mimi kwetu tulimaliza hivi: mara moja kwa wiki namsomea mama mstari mmoja, ninaouchagua mwenyewe. Wiki nyingine nachagua mwepesi, sitanii. Lakini anajua kinachoendelea, na mimi nina mtu wa kumsomea.

Binti Chuini

Maadam nimeshaingia niseme la hatua ya nne, maana nimeona hamu zimezungumzwa sana na hilo halijaguswa.

Vikundi hivi vya hatua 12 vimetokana na Alcoholics Anonymous iliyoanza Akron, Marekani, mwaka 1935, na ya waraibu wa dawa, Narcotics Anonymous, ikafuata California mwaka 1953. Hatua ya nne ni kujihesabu nafsi kwa maandishi. Unachora safu: nina kinyongo na nani, alinifanya nini, kilinigusa wapi (heshima, riziki, usalama, mapenzi), na ya mwisho inayouma kuliko zote, sehemu yangu mimi ilikuwa ipi. Safu tatu za mwanzo mtu anazijaza kwa raha, kalamu inakimbia. Mie nilijaza kurasa na kurasa za mama wa kambo. Safu ya nne ilikaa tupu hadi mshauri akaniambia rudi ukakae.

Hapa ndipo Mchapakazi kapatia kusema usianze na historia. Nimeona dada mmoja kaambiwa aandike hayo akiwa bado mbichi, kaandika ya utotoni, mambo mazito ambayo sitayataja, kaandika usiku peke yake. Asubuhi kitanda chake kitupu. Hatua ya nne ina hatua ya tano nyuma yake: unamsomea mtu. Zimewekwa pamoja kwa makusudi. Kinyongo kilichoandikwa kikaachwa bila kusomewa mtu kinazidi kunona.

Na kwa sisi wanawake zaidi. Mwanamme akitoka soba anaambiwa hongera, mwanamke anaulizwa alikuwa anapata wapi pesa ya unga. Kwa hiyo tunaandika na kuficha, hata kikundini hatusemi. Tafuteni mwanamke mwenzenu wa kumsomea.

Mdadisi_Mpole

Mie si mraibu, nasoma saikolojia, niongeze kidogo kuhusu hilo la kuandika mazito. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaandikisha wanafunzi wa chuo Marekani dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Kuna walioandika mambo ya kawaida, na kuna walioandika jambo lililowaumiza zaidi maishani. Miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walienda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Hiyo ndiyo inayonukuliwa kila mahali kwamba kuandika kunaponya.

Kinachosahaulika ni kwamba watu haohao, mara baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao. Kwa mwanafunzi mzima mwenye afya si tatizo, anaenda kulala. Kwa mtu aliyeacha heroini juzi, saa ya kujisikia vibaya ndiyo saa yenyewe. Na wale hawakuwa waraibu, kwa hiyo tusiyachukue matokeo yale tukayabandika hapa kama yalivyo. Anayetaka kuandika mazito afanye asubuhi, siku ambayo ana miadi na mshauri au kikundi, aweke saa, dakika 15 zikiisha afunge hata kama yuko katikati ya sentensi.

Mchapakazi_TMK

Hiyo ya kuweka saa naiiba.

sina_jina_leo

Nimesoma uzi wote nikiwa nimejificha. Mimi nilikuwa na daftari hilohilo, nilipewa soba, nilikuwa najaza vizuri. Wiki iliyopita nimetumia. Mara moja. Nikarudi nyumbani nikalichana lote nikatia jikoni, kwa sababu niliona ni uongo mtupu, kurasa zote hizo na bado. Sijarudia tena lakini naona niko mlangoni.

Mchapakazi_TMK

Ndugu yangu, kwanza umeandika hapa, kwa hiyo uko hai na uko nje ya mlango. Pili, leo, kabla ya daftari, mpigie mtu mmoja anayejua hali yako, au nenda kliniki. Kama upo Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure 119. Kenya ni 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Na yale niliyomwambia Jiwe_Gumu kuhusu mwili kusahau yanakuhusu wewe leo kuliko mtu yeyote humu.

Tatu ndiyo karatasi. Wazee walishasema kujikwaa si kuanguka, na Marlatt akayakuta hayohayo: anayetumia mara moja halafu akajiambia "basi nimeharibu yote, mimi ni wa hivi tu" ndiye anayezama. Inayommaliza ni hiyo hukumu zaidi ya ile kete. Wewe umeichoma hukumu pamoja na daftari, lakini bado iko kichwani.

Chukua karatasi yoyote, hata nyuma ya risiti. Usiandike siku uliyotumia, andika siku tatu kabla yake. Ulilala saa ngapi? Ulikula nini? Nani alikupigia? Ulipata hela? Ulikosa kikundi? Uligombana? Ulipita njia gani ambayo huwa hupiti? Mtu karibu kila mara anaamua mapema kuliko anavyodhani, anakuja kujua akiwa tayari pale. Kesho niandikie tu siku ya kwanza kati ya hizo tatu.

sina_jina_leo

Nimempigia bro. Anakuja.

Siku ya kwanza kati ya tatu: sikwenda kikundi kwa sababu nilipata kibarua cha kupakia mizigo usiku. Nikalala kwa muda wa saa mbili tu. Nikalipwa taslimu. Naandika hivi na naiona tayari.

Binti Chuini

Endelea na ya pili bro akifika. Msomee yeye.

Jiwe_Gumu

Mimi bado naona daftari ni mambo ya watu wenye nafasi. Ila hilo la kipimo cha zamani sikulijua, na dogo anarudi mwezi ujao, tiketi imeshakatwa. Nifanyeje? Nijibuni bila mahubiri.

Mchapakazi_TMK

Bila mahubiri. Mpigie leo, umwambie maneno yaleyale ya kipimo cha zamani, kwa sauti yako, asiyasikie kwa mtu mwingine. Akifika, wiki hiyohiyo mpeleke kliniki ya methadone hata kama anasema yuko fiti, wamuone tu. Muhimbili walianza 2011, sasa zipo Mwananyamala na Temeke, na mikoani nenda kaulize hospitali ya rufaa. Hela ya kibarua chake cha kwanza isipite mkononi mwake taslimu, itumwe kwa simu kwa mtu mliyekubaliana. Asishukie stendi peke yake, nenda kampokee. Kama zamani mlikuwa mnapita kijiweni kwenda nyumbani, zungukeni.

Jiwe_Gumu

Sawa. Na hilo daftari ni la aina gani, kaunta buku au dogo?

Mchapakazi_TMK

Dogo, la kuingia mfuko wa shati. Kaunta buku atalisahau nyumbani, na hamu haimkuti nyumbani.

Mama Wawili

Wa kwangu inamkuta nyumbani 😀

Nimeongea naye jana jioni, kama nesi alivyosema. Alikaa kimya muda mrefu, akasema "kumbe umefagia mpaka chini ya kabati". Leo ameniuliza kama nina kalamu nyeusi, ya kwake imeisha wino.